Mfuniko wa kisanduku cha mninga unaingia Dodoma, ukifika Tanga unagoma. Ni mbao, mashine au mkono wangu?

#1 Mpwapwa Juu
Wakuu, salaam. Nipo Dodoma, mchana ofisini, jioni natengeneza visanduku vya kuwekea hereni, pete, saa na makolokolo mengine kwa skroli so, ule msumeno wa mashine wenye bledi nyembamba ya kukatia nakshi. Ni vya mviringo, upana kama inchi sita. Nachukua ubao wa mninga wa robo tatu inchi, nachora, natoboa tundu la milimita moja kwenye mstari wenyewe, napitisha bledi, nakata pete. Pete tatu nazibandika kwa gundi nyeupe juu ya kitako, ndiyo ukuta wa kisanduku. Kile kipande cha katikati cha pete ya juu nakipunguza unene, nakigundisha chini ya mfuniko kiwe kizibo. Juu ya mfuniko naweka nakshi: majani, nyota, jina la mteja akitaka.

Hapa kwangu mfuniko unaingia kwa raha, unasikia hewa tu inatoka taratibu. Kisanduku kikifika kwa mteja Tanga, baada ya muda mfuniko umekwama mpaka akibane kwa magoti ndipo uchomoke. Kimoja alinirudishia. Kimekaa kwangu siku kadhaa, kikafunguka chenyewe!

Ningesema ni hewa ya pwani, yakaisha. Lakini kingine cha ubao uleule kipo kwa dada yangu Pangani, hadi leo kinafunguka kama kawaida. Na kingine kimekwama hapahapa Dodoma, hakijasafiri popote. Wajuzi nisaidieni.

#2 Chumvi Nyingi
Nimewahi siti ya mbele. Ila uzi wa kisanduku bila picha ni batili, mkuu.

#3 Randa Kavu
Mbao mbichi. Tufunge uzi.

#4 Mpwapwa Juu
@Randa Kavu shikamoo mzee wangu. Mninga huu ulitoka Tabora, umekaa stoo kwangu zaidi ya mwaka, umepangwa na vijiti katikati hewa ipite. Mbichi sidhani.

#5 Randa Kavu
Marahaba. Mwaka ulikaa ukiwa ubao wa robo tatu inchi au ulikuwa banzi nene ukalipasua juzi? Hapo ndipo vijana mnapotudanganya. Nje pakavu, ukipasua katikati unakuta bado pana baridi ukigusa kwa shavu. Mimi nimekaa Keko tangu hawajaleta mashine za kichina, nimeona makabati yamekabidhiwa Ijumaa yanapiga kelele usiku wa Jumapili.

#6 Mtoto wa Mkunazini
Mzee Randa heshima yako, lakini mimi naona tunakwenda mbali. Hapa mkato haukusimama wima. Kizibo kimekatwa kikiwa kipana juu na chembamba chini au kinyume chake, basi ukikisukuma kinajikaza. Meza ya skroli so ina skrubu ya kuilaza kwa kazi za mshazari, na ile alama ya sifuri waliyoibandika kiwandani usiiamini hata kidogo.

Fanya hivi. Chukua kipande cha mbao nene, kama inchi moja na nusu. Kiingize kwenye bledi kidogo tu, ukate mfereji mfupi, uzime. Kitoe, kizungushe bila kukipindua, ukilete nyuma ya bledi. Mfereji ule uvike bledi kwa nyuma. Meza ikiwa wima, bledi inaingia mferejini bila kugusa popote. Ikigusa juu ikaachia chini, au chini ikaachia juu, meza imelala.

#7 Mpwapwa Juu
@Mtoto wa Mkunazini nimeshuka stoo sasa hivi nimejaribu. Imeingia safi, juu na chini.

#8 Binti Meru
Habari zenu. Meza inaweza kuwa wima na mkato ukalala vilevile. Bledi ya skroli so ni uzi tu, namba 5 unene wake hauzidi nusu milimita. Ukiisukuma kwa ubavu wakati unakata kona inapinda tumbo katikati ya mbao, juu na chini imeshikwa, katikati imekwenda zake. Ukitoa mkono inarudi. Ukipima kwa mraba juu unaona sawa, chini sawa, katikati pamechimbika. Kizibo chenye tumbo kinaingia kwa nguvu na kutoka kwa ugomvi.

Kuna jingine. Bledi za bei nafuu zinatoka kiwandani na vinyweleo vya chuma upande mmoja wa meno, kwa kawaida kulia. Upande huo unakata kwa kasi kuliko mwingine, kwa hiyo mstari wako unavutwa huko. Anayeanza hupambana na mashine, anasukuma kwa ubavu kuirudisha, tumbo linazaliwa hapo. Mwenye uzoefu hausukumi ubao moja kwa moja, anauweka mshazari kidogo anaifuata bledi inakotaka. Au unapitisha jiwe la kunolea ubavuni mwa bledi kwa sekunde chache mashine ikizunguka, vinyweleo vinaondoka.

Mkazo je? Ukiigusa bledi kwa kidole kama uzi wa gitaa inalia vipi? Ikilia "dub" imelegea. Iwe na mlio mwembamba, safi.

#9 Mpwapwa Juu
Inalia vizuri dada. Namba 5, yenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa kuangalia juu ili isichane mbao upande wa chini. Vinyweleo sikuwahi kuviangalia.

#10 Mhesabu Uchwara
Mmemaliza mashine, sasa twende kwenye mbao, na nitatumia hesabu kidogo, mnisamehe.

Bledi ya mkuu inaondoa mbao ya unene wa milimita 0.4 hivi. Kizibo kimetoka ndani ya pete hiyohiyo, kwa hiyo nafasi kati yao ni 0.4. Kisanduku kina upana wa inchi sita, tuseme milimita 150. Mbao ikivimba nusu ya asilimia moja tu, 150 mara 0.005 ni milimita 0.75. Nafasi imekwisha na deni juu.

#11 Binti Meru
@Mhesabu Uchwara nafasi ni 0.4 kila upande. Kulia na kushoto jumla 0.8. Bado kuna nywele ya hewa.

#12 Mhesabu Uchwara
Sahihi dada, 0.8. Na ukipiga msasa inaongezeka. Lakini subirini, sijafika ninakokwenda.

Mbao haivimbi pande zote sawa. Kwa urefu wa nyuzi haivimbi kwa kiasi cha kuonekana. Inavimba kwa upana, kukatiza nyuzi, na upande unaofuata mduara wa pete za mti huvimba karibu mara mbili ya upande unaotoka kwenye kiini kwenda gome. Maana yake duara ukilikata leo, hewa ikibadilika linakuwa yai kidogo. Sasa kama pete na kizibo nyuzi zao zimelala upande mmoja, vyote viwili vinakuwa yai kwa pamoja, kuelekea upande uleule, na nafasi inabaki ileile. Hakuna kukwama. Ila kama nyuzi za kizibo zinakatiza nyuzi za pete, kizibo kinavimba pale ambapo pete haivimbi. Hapo ndipo magoti yanahitajika.

Mkuu, nyuzi zako zimelalaje?

#13 Randa Kavu
Maneno mengi, mwisho umesema nilichosema mimi kwa mstari mmoja: unyevu.

#14 Mhesabu Uchwara
Hapana mzee. Nimesema unyevu peke yake hautoshi kukwamisha. Unahitaji na nyuzi zilizokatizana.

#15 Mpwapwa Juu
Aisee. Pete zangu nazikatiza kwa makusudi. Ya kwanza nyuzi zinaenda mashariki, ya pili kaskazini, ya tatu mashariki tena, kama plaiwudi, ili ukuta uwe na nguvu. Kizibo nakigundisha kwenye mfuniko bila kuangalia sana, nafuata nakshi ikae wima mbele ya mteja. Halafu kuna kitu nilisahau kusema: kile kilichokwama hapa Dodoma, ukiuzungusha mfuniko robo mzunguko unaingia hadi nusu.

#16 Binti Meru
Ndiyo ushahidi wangu huo. Duara halikuwa duara. Limekatwa kwa mkono, kuna mahali mstari umevutwa. Ukiurudisha mfuniko mahali ulipozaliwa unaingia, ukiuzungusha unagonga. Haina uhusiano na Tanga wala unyevu.

#17 Mhesabu Uchwara
Huo ni ushahidi wangu mimi! Robo mzunguko ni nyuzi kukutana na nyuzi.

#18 Chumvi Nyingi
Ushahidi mmoja, wenye mali wawili. Mpelekeni mahakama ya mwanzo. Mimi nasema kisanduku kina jini la Kitanga, limegoma kwenda bara na likifika pwani linajifungia.

#19 Kipusa wa Makambako
@Mpwapwa Juu kukatiza pete nani alikufundisha? Plaiwudi inatulia kwa sababu matabaka yake ni membamba kama karatasi, gundi inayazuia. Tabaka la robo tatu inchi halizuiliki. Litavimba tu, na jirani yake hataki, matokeo yake ukipitisha kidole kwenye ukuta baada ya miezi unasikia ngazi ndogo kwenye kila kiungo. Mimi pete zote nalaza upande mmoja.

#20 Mtoto wa Mkunazini
Ukizilaza upande mmoja ndugu yangu, zile sehemu mbili ambazo nyuzi zinakatika fupi zinakuwa dhaifu. Ukuta mwembamba wa milimita nane hivi, kisanduku kikianguka kinapasuka papo hapo kuanzia juu hadi chini. Kukatiza kuna sababu yake.

#21 Kipusa wa Makambako
Basi asianguke nacho.

#22 Fundi wa Gikomba
Niaje wadau wa TZ. Hakuna amegusa hii: mbao ina mvutano ndani yake. Ubao ukiwa mzima, huku kunavuta, kule kunasukuma, zinashikana. Ukitoa katikati ukabaki na pete, umekata kamba. Pete inafunguka ama inajifunga kidogo siku hiyo hiyo, hata kabla gundi ikauke. Nimeona kwa mkaratusi, unakata na msumeno unabanwa nyuma yako, lazima uweke kabari. Mninga ni mpole, sikatai, lakini ubao uliotoka karibu na tawi haujui upole.

Dawa yake: kata kwanza ukiacha nje ya mstari kama milimita tatu, wacha vipande wiki, halafu ndio ukate kwa mstari. Ila hapo utapoteza ile raha ya kizibo kutoka kwa pete yake.

#23 Fundi Msasa
Wote mmepita mlangoni kwangu hamkubisha hodi. Swali moja tu kwa mleta uzi: ndani ya kisanduku unapaka nini?

#24 Mpwapwa Juu
Vanishi ya kung'aa, mikono mitatu, yaani napaka mara tatu, ndani na nje. Kizibo pia.

#25 Fundi Msasa
Haya. Mikono mitatu kwenye pete, mikono mitatu kwenye kizibo, pande zote mbili. Ile 0.8 ya Mhesabu umeikula nyingi kwa brashi. Halafu vanishi inakauka juu, ndani inabaki laini kwa muda mrefu, hasa ukiharakisha mkono wa pili kabla wa kwanza haujatulia. Nyuso mbili zenye vanishi laini zikibanana kwenye joto zinashikana kama zimegundishwa. Ukisikia "tak" wakati mfuniko unachomoka, ukaona alama ya kung'aa imebanduka, si mbao iliyovimba, ni vanishi. Kile kilichokwama Dodoma bila kusafiri ni hicho.

Ndani ya kisanduku usipake vanishi. Sugua nta ya nyuki, basi. Hata harufu ya mninga inabaki, mteja akifungua anaisikia.

#26 Mpwapwa Juu
Mkuu Fundi Msasa umenishtua. Kile cha dada yangu Pangani nilikipaka nta tu, vanishi ilikuwa imeisha!

#27 Chumvi Nyingi
Kesi imefungwa. Jini limekamatwa, jina lake Vanishi bin Mikono Mitatu.

#28 Randa Kavu
Kijana, huyo wa Tanga aliyekurudishia, kilikuwa cha vanishi au cha nta?

#29 Mpwapwa Juu
Hapo ndipo panaponiuma kichwa mzee. Kilichorudi kilikuwa cha vanishi. Ila mteja huyohuyo alichukua kingine cha nta, nimempigia leo, anasema nacho kinabana siku za mvua.

#30 Randa Kavu
Siku za mvua. Mmemsikia?

#31 Mhesabu Uchwara
Na vanishi haizuii unyevu, inauchelewesha tu. Ndiyo maana wa vanishi ulichelewa kukwama na ulichelewa kufunguka.

#32 Msafiri wa Ruwi
Assalaam alaykum. Nipo Muscat. Huku tunalo tatizo hilohilo limegeuzwa: nje kuna unyevu wa bahari, ndani kiyoyozi kinafanya kazi mchana na usiku, hewa kavu. Sanduku likitoka Unguja likaingia sebuleni, mbao inasinyaa, mbao za kitako zinaachana. Nimeona hata kwenye masanduku ya kiomani, yale ya misumari ya shaba tunayoyaita mandusi. Lakini angalieni yalivyotengenezwa: mfuniko hauzami ndani. Unalala juu ya ukingo, nyuma kuna bawaba, mbele komeo. Ukivimba uvimbe, ukisinyaa usinyae, hauna pa kukwama. Kizibo ni fasheni ya mashine.

#33 Mpwapwa Juu
Wa alaykum salaam. Wazo zuri, ila bawaba ndogo nzuri za shaba kuzipata Dodoma ni kazi, na zile za bati zinaharibu sura.

#34 Msafiri wa Ruwi
Tumia pini ya mbao. Toboa pembeni, chomeka kijiti cha mpingo kiwe ekseli, mfuniko uzunguke kwa ubavu kama kisanduku cha domino. Hakuna chuma hata kimoja.

#35 Neema ya Msasani
Samahani naingilia uzi, mimi ndiyo naanza. Nikikata mkongo kona zinaungua, zinakuwa nyeusi. Kuna mtu kaniambia nibandike selotepu juu ya mbao ndipo nikate. Ni kweli au ananichezea?

#36 Binti Meru
Kweli kabisa. Ile pana ya kufungia maboksi, inayoonekana ndani. Bandika juu ya mchoro. Gundi ya selotepu inalainisha bledi, joto linapungua.

#37 Kipusa wa Makambako
Gundi inalainisha kweli? Gundi kazi yake ni kunata. Kinacholainisha ni ule utelezi wanaoupaka mgongoni mwa selotepu ili isijishike yenyewe ikiwa kwenye roli. Jaribu selotepu ya karatasi uone, haisaidii kama ile.

#38 Fundi wa Gikomba
Mimi natumia ya karatasi na haiunguzi. Hiyo ya plastiki ikipata moto inayeyuka, nadhani huo uyeyuko ndio unafanya kazi.

#39 Randa Kavu
Bledi butu inaunguza, kali haiunguzi. Mnabandika plasta kwenye jipu. @Neema ya Msasani badilisha bledi mapema, punguza kasi ya mashine, na kwenye kona usisimame ukifikiria. Bledi ikizunguka mahali pamoja bila kwenda mbele inasugua tu, na kusugua ndiyo moto.

#40 Neema ya Msasani
Asanteni. Nimebandika selotepu na nimebadilisha bledi kwa pamoja, haiunguzi, sasa sijui nimshukuru nani.

#41 Mhesabu Uchwara
Hahaha! Ndiyo tabu ya kujaribu viwili kwa mpigo. Na mleta uzi asije akafanya hivyohivyo.

#42 Daktari wa Kata
Nawasoma muda mrefu hakuna aliyetaja vumbi. Skroli so inatoa vumbi laini sana, lile linaloelea, na mnainama uso juu yake kwa saa nzima. Vumbi la mninga linajulikana kuleta pumu na kuwasha pua. Mpingo unawasha ngozi. Mvule nao unakera macho na kifua. Kitambaa ulichofunga usoni kinazuia chembe kubwa tu. Tafuta barakoa ya N95 au inayofanana nayo, na feni itoe hewa nje, isikuzungushie vumbi hilohilo.

#43 Chumvi Nyingi
Na ule upepo unaotoka kwenye kibomba cha mashine kupuliza mstari uonekane, unapulizia wapi? Usoni kwangu.

#44 Daktari wa Kata
Ndiyo. Kigeuze kipulize kwenye mdomo wa mashine ya kunyonya vumbi, kisikuelekee wewe.

#45 Mzoa Taka Bandarini
Hizi mashine za kichina zimeharibu ufundi. Wazee wetu walichonga kwa patasi, mkono mtupu, siyo kukata majani kwa umeme.

#46 Mtoto wa Mkunazini
@Mzoa Taka Bandarini mashine hizi si za juzi wala si za Wachina. Marekani kule Rockford, Illinois, kampuni ya W.F. & John Barnes ilikuwa inatengeneza misumeno ya aina hii ya kukanyaga kwa miguu kama cherehani tangu miaka ya 1870. Watu walikuwa nayo nyumbani, jioni wanakata fremu za picha na rafu za ukutani.

Na sisi hatukuwa nyuma. Njoo Unguja, barabara ya Mizingani, tazama roshani za jengo la Tharia Topan, lile lililokuwa zahanati, jiwe lake la msingi liliwekwa 1887. Mbao zimetobolewa nakshi juu hadi chini. Mafundi wa Kihindi walifanya kazi ile. Kutoboa mbao kwa msumeno mwembamba na kuchonga kwa patasi ni kazi mbili tofauti, na mji wetu umebeba zote mbili. Mlango unachongwa, pindo la roshani linatobolewa.

#47 Mzoa Taka Bandarini
Sawa, nimesikia kuhusu miguu. Lakini sisi tunaongelea ya umeme.

#48 Kipusa wa Makambako
Ya umeme inayokatwa kila jioni, kwa hiyo ya miguu inarudi. 😂

#49 Mpwapwa Juu
Tukiwa kwenye umeme: kuna jamaa kaagiza mashine toka Marekani, duka lililomuuzia likamwambia ni ya kuchomeka tu. Imetoa moshi dakika hiyohiyo.

#50 Fundi Msasa
Kule ni volti 120 na mzunguko wa umeme wa 60 kwa sekunde, sisi ni 230 na 50. Bila transfoma lazima moshi. Na hata ukiweka transfoma, inashusha volti tu, mzunguko haubadiliki. Kama mota ni ile isiyo na brashi ya kizamani, kasi yake itapungua kwa kama sehemu moja ya sita. Zile za kisasa zenye kitufe cha kuongeza na kupunguza kasi kwa kawaida haziathiriki.

#51 Neema ya Msasani
Na ukisoma "inchi 16" kwenye boksi ni urefu wa bledi?

#52 Binti Meru
Hapana mdogo wangu. Bledi karibu zote ni inchi 5. Kumi na sita ni nafasi toka kwenye bledi hadi nguzo ya nyuma, yaani ubao mkubwa kiasi gani unaweza kuuzungusha. Kwa visanduku inatosha na kubaki.

#53 Mteja wa Ujerumani
Mpwapwa Juu, nataka viwili vije Hamburg kwa ndege na mtu. Lakini nimeambiwa mninga umeingia CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hautoki nchini kabisa. Kweli?

#54 Mzoa Taka Bandarini
Kweli. Mninga, mkongo, mkangazi, vyote marufuku tangu 2022.

#55 Daktari wa Mbao
Si marufuku, na si kila kitu. Mkutano wa 2022 kule Panama uliweka mininga ya Afrika, mikongo na mikangazi kwenye Kiambatisho cha Pili. Kiambatisho hicho ni biashara kwa kibali, marufuku ni cha Kwanza. Na maelezo yaliyoambatanishwa yanagusa magogo, mbao zilizopasuliwa, vinia, plaiwudi na mbao zilizorandwa kwa umbo. Kisanduku kilichokamilika hakimo. Mpingo upo kwenye orodha tangu 2017 pamoja na jamii yake yote, ila vitu vilivyokamilika vyenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo viliachiwa baada ya mkutano wa 2019. Pamoja na hayo mleta uzi atunze risiti ya mbao na hati ya TFS, wakala wa misitu Tanzania, hiyo ni sheria ya hapa nyumbani na haina uhusiano na CITES.

#56 Randa Kavu
Hamburg wakati wa baridi wanawasha hita, hewa kavu kuliko Dodoma. Kizibo kitacheza ndani kama jino la mtoto. Utarudi hapa na uzi mwingine, "mfuniko unadondoka".

#57 Mhesabu Uchwara
Kama nyuzi zimelala pamoja hautadondoka.

#58 Randa Kavu
Tutaonana.

#59 Mpwapwa Juu
Wakuu asanteni wote. Ubao umebaki wa kutosha kufanya hivi: kimoja nyuzi zote upande mmoja na nta tupu, kimoja nyuzi zimekatizana na nta tupu, kimoja nyuzi upande mmoja na vanishi ndani. Bledi mpya iliyopitishwa jiwe kwa vyote. Vyote viende Tanga kwa mteja mmoja akae navyo masika yote, bei nimempunguzia. Cha Gikomba cha kukata mara mbili nitakifanya mbao zikipatikana.

#60 Fundi wa Gikomba
Hapo umeniweka mwisho wa foleni lakini sawa.

#61 Binti Meru
Zote pima kizibo kwa kalipa sehemu nne kabla hazijaondoka, juu na chini. Usipopima watakuja kudai ushindi wasiostahili, na ninajua ni nani.

#62 Mhesabu Uchwara
Nimeona, nimenyamaza.

#63 Neema ya Msasani
Swali la mwisho jamani, mashine yangu inapokea bledi zenye vijipini kwenye ncha tu. Kwa nakshi ndogo kijipini hakipiti kwenye tundu, na nikitoboa tundu kubwa ua linaharibika. Nifanyeje?

#64 Kipusa wa Makambako
Nunua vibanio vya bledi zisizo na pini, mashine nyingi zinavipokea. Pale Gerezani, Dar, uliza kwa wanaouza vipuri vya mashine za mbao, nenda na kile kishikio chako cha zamani mkononi wakilinganishe. Vikikosekana, toboa tundu kubwa kwenye sehemu ya mchoro itakayotupwa, siyo kwenye mstari, kisha kata kuelekea mstari.

#65 Neema ya Msasani
Kesho naenda Gerezani. Barikiwa dada.

#66 Kipusa wa Makambako
Mimi ni kaka.